Niliambiwa Nisubiri Hewani

Neema na wenzake wa chumba cha redio wameniomba niwaandikie jinsi kazi hii ilivyokuwa kabla ya simu. Nadhani walitaka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani, karibu na kalenda. Watanisamehe. Mtu aliyekaa zaidi ya miaka ishirini akiongea kwa sentensi fupi na kusema "nimepokea" kila baada ya maneno kumi, akipewa kalamu haiachi upesi.

Sitasimulia nilipandishwa cheo lini, maana habari hiyo ingeisha kabla ya koma ya kwanza. Miaka mingi nilikuwa mfanyakazi wa siku. Niliandikishwa asubuhi na kufutwa jioni, na kesho yake nikakuta kiti ni kile kile. Mkubwa wangu sikumwona uso kwa miaka minne. Ninyi mnaonung'unika kwamba bosi yuko mbali na hajibu barua pepe, vuteni viti mkae.

Kabla ya vita nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Fizi, mlimani. Vita vya kwanza vilipofika shule zilifungwa, nami nikateremka Baraka, mji wa kando ya ziwa, na mume wangu Etabo na binti yetu Sifa, ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Etabo alikuwa fundi wa kushona nyavu. Ufukweni kuna nyavu za kushona hata wakati wa vita, kwa hiyo yeye alipata kazi wiki ile ile tuliyofika. Mimi nilikaa miezi bila kushika chaki. Kisha shirika moja la dawa, la wageni, lilileta foni katika kituo cha afya, wakatafuta mtu mwenye sauti safi na mwandiko unaosomeka. Foni, kwa watakaosoma haya bila kuiona, ni redio ya kuitana na watu walio mbali. Ni sanduku la chuma, betri ya gari, kipaza sauti chenye kitufe, na waya mrefu uliotandazwa nje kati ya miti miwili.

Aliyenifundisha ni Papa Alimasi, mzee wa Lubondja. Alikuwa ameendesha redio ya kampuni ya pamba miaka mingi, mpaka kampuni ikabaki kuta tupu na yeye akabaki na ujuzi wake. Siku ya kwanza nilivaa nguo ya kanisani na kufika mapema, nikiwa na hotuba yangu tayari. Hakuniruhusu kugusa kipaza sauti wiki nzima. Alinipa daftari na kuniambia niandike kila ninachosikia: saa, nani kaita nani, na kelele za hewani pia, katika safu yake ya pembeni. Niliandika radi, filimbi, na mlio kama wa mafuta ya mawese yanayokaangwa. Niliona ni upuuzi wa kizee. Daftari hilo ninalo mpaka leo, na mtaona kwa nini.

Wiki ya pili aliniacha niongee. Alinisikiliza, akakuna kidevu.

"Mwalimu, we unasema mbio sana," aliniambia. "Huku hewani bantu habaone mikono yako."

Kweli nilikuwa naongea kwa mikono, kama darasani. Akanifundisha kubonyeza kitufe, kuvuta pumzi moja, ndipo kuongea, ili neno la kwanza lisikatwe. Na nikiisha kuulizwa kitu, nivute pumzi nyingine kabla ya kujibu, kwa kuwa huenda mwenzangu hajamaliza. Akanifundisha kusoma betri: kusikiliza hakuli umeme sana, kuongea ndiko kunakokula. Akanifundisha kuchomoa waya mvua ya radi ikija, jambo ambalo ninyi mmelifanya mara moja tu tangu nianze kuwahimiza.

Kanuni aliyoishika kuliko zote ilikuwa ya kufungua na kufunga. Aliyefungua mazungumzo ndiye anayeyafunga. Watu wawili wakiongea pamoja hakuna anayesikika, na huko hewani tulikuwa vituo vingi kwenye masafa hayo hayo. Kwa hiyo ukiambiwa ngoja, unangoja kimya mpaka uitwe. Alilirudia hilo mpaka nikaliota. Kisha akarudi kwao Lubondja kulima mihogo, na sikumwona tena.

Saa zetu za kuongea hewani ziliitwa vakasio, kwa Kifaransa cha watu wa redio. Zilikuwa tatu: asubuhi, mchana na alasiri. Wakati wageni walipokuwa bado wanaishi nasi Baraka, mambo yalikwenda kwa saa kama shule. Nilisoma idadi ya wagonjwa, nikaagiza dawa, nikafunga. Mchana nilikula nyumbani.

Vita vya pili vilipoanza, wageni waliondoka kwa boti asubuhi moja, wakaenda Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Mkubwa wao aliniachia ufunguo wa chumba na karatasi moja. Iliandikwa kwamba kazi itaendelea kama kawaida, nao wataiongoza kutoka huko. Hakuandika kawaida ya nani.

Kwanza kulikuwa na saa. Saa ya Kigoma iko mbele ya yetu kwa saa moja nzima. Baadhi yao huko waliita kwa saa yao, wengine kwa yetu, na daktari mmoja mpya alikuwa hajabadilisha saa ya kwao Ulaya. Vakasio ya mchana ingeweza kuwa wakati wowote tangu chai hadi chakula kilichopoa. Nikawa naketi saa moja kabla na saa moja baada. Halafu wakaanza kuita nje ya vakasio, wakilaumu kwamba Ziwa haijibu. Ziwa ndiyo mimi, ndilo jina la kituo changu hewani. Mwishowe nikahamisha foni nyumbani kwetu, nikaiweka nyuma ya gunia la unga wa mihogo, na nikapika, nikafua na kumsuka Sifa nywele nikiwa na sikio moja huko. Waya wa nje tuliuanikia vitenge ili uonekane kamba ya nguo. Papa Alimasi angeniua.

Sikwenda shambani tena. Matanga sikukaa, na kanisani nilitoka kabla ya baraka ya mwisho. Sokoni waliniita Mama Foni na kunicheka kwamba nina mume wa pili ndani ya sanduku. Mume wa kwanza hakucheka sana.

Upweke wa kazi hii ni wa namna yake, na sijui kama mnaujua. Unaishi na sauti. Mwendeshaji wa Kigoma alikuwa Daudi, kijana wa huko, mwenye Kiswahili laini cha Tanzania. Nilijua kikohozi chake, nilijua anavyovuta chai, nilijua akiwa na mafua. Alizoea kuniuliza, "Mama wa Ziwa, umekula?" nami nikajibu, "Nimepokea," kwa sababu sikujua kama swali hilo linaruhusiwa hewani. Hakujua kama nina mtoto. Hakuwahi kuuliza, na mimi sikuona safu ya kuliandika hilo. Majirani walipokimbilia milimani kila mara risasi ziliposikika, nyumba yetu ilibaki na sauti ya Daudi inayouliza idadi ya chupa za serumu za kutundikia wagonjwa.

Sasa nifike kwenye ile wiki.

Ilikuwa msimu wa mvua, Jumatatu. Asukulu, muuguzi aliyebaki peke yake kituoni, alikuja kwangu mwenyewe. Walikuwa wameletewa mama mmoja mkulima kutoka upande wa Lubondja, anaitwa Bitisho, ana uchungu tangu Jumapili na mtoto amelala vibaya. Alihitaji kupasuliwa. Kulikuwa na njia mbili. Shirika lingeweza kutuma boti usiku ufukweni nje ya mji na kumpeleka ng'ambo, kama lilivyofanya mara moja kabla. Au abebwe kwa machela mpaka hospitali ya mlimani, zaidi ya siku nzima ya kupanda. Akibebwa na boti ikaja, ameikosa. Akingojea na boti isije, amepoteza siku. Asukulu alitaka jibu moja tu: inakuja au haiji?

Nilimwita Daudi vakasio ya mchana. Alinisikia vizuri, akarudia kila kitu bila kosa. Kisha akasema maneno ambayo ningeweza kuyaimba: "Subiri hapo hapo, Ziwa. Namtafuta daktari. Usitoke hewani mpaka nikuite."

Nikasubiri. Alasiri hiyo askari wageni waliingia mjini, na kabla jua halijazama ilitangazwa kwamba atakayesikika akiongea kwenye redio atahesabiwa mpelelezi. Daudi hakuniita.

Etabo alikuwa na habari yake pia. Ufukwe wa Baraka ulikuwa umefungwa, lakini boti zilikuwa bado zinaondoka Kazimia, kusini, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Kundi la majirani lingeanza safari Jumanne alfajiri, na baada yao hakuna aliyejua kama njia ingebaki wazi. Alikuwa amekwisha kufunga mzigo. Sindano zake za nyavu alizichomeka kwenye kofia.

Nilimwambia kuhusu Bitisho. Nilimwambia nimeambiwa nisitoke.

"Mama Sifa, ile redio haina batoto," alisema. "We uko na mutoto."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali labda ningebishana, na katika kubishana labda ningeshindwa. Nilimjibu kwamba yule mama naye anaumwa, kwamba jibu haliwezi kukawia zaidi ya siku, na kwamba nikilipata tu nitawafuata mbio, hata nikitembea peke yangu. Alikaza kamba ya mzigo.

"Basi tutakungoja Kazimia. Hatupande boti bila we."

Nikamfunga Sifa kitambaa kichwani. Alikuwa na miaka sita. Aliniuliza kama nitaleta foni, nikamwambia hapana, foni ni ya watu. Wakatoka wakati jogoo wanawika, na mimi nikarudi nyuma ya gunia la unga.

Jumanne yote nilisikiliza. Mbingu ilikuwa nzito, paneli ya jua ya kujazia betri haikupata kitu, na mshale wa betri ulikuwa unashuka. Mchana, kwa saa yetu, nilijifunika blanketi na kuita kwa sauti ya chini, mara moja. Taa ya foni ilififia nikiongea. Hakuna aliyejibu. Nikapiga hesabu: umeme uliobaki unatosha kusikiliza siku mbili, au kuongea dakika chache. Jibu likija nitahitaji dakika hizo. Na nilikuwa nimeambiwa nisubiri niitwe. Nikaamua kunyamaza.

Asukulu alikuja kila baada ya muda, akasimama mlangoni. "Bamesema nini?" Nikajibu bado. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na kila alipokuja yalipungua zaidi. Nilimsikia kwa mbali Bitisho, kituo hakikuwa mbali na kwetu. Mlio wake nao nilikaribia kuuandika katika safu ya kelele.

Maana niliandika. Sikuwa na jambo jingine la kufanya. Masafa yalikuwa karibu matupu, vituo vingine vilikuwa vimezimwa kwa hofu, na nikaandika mvua, radi ya mbali, mlio wa kitu kama kidole kinachogonga meza. Niliandika kwa utaratibu, na saa yake pembeni. Nadhani niliandika ili nisifikirie Sifa ameshafika wapi.

Jumatano ilikuwa vile vile. Alhamisi asubuhi Asukulu hakuuliza.

"Mi siwezi kungoja tena," alisema. "Tunamubeba."

Wanaume wanne walimbeba Bitisho kwa machela kuelekea mlimani. Alifika hai na akapasuliwa. Mtoto alikuwa amekufa, na daktari wa huko alisema alikufa kati ya Jumanne na Jumatano. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba sikuwa na hatia. Wanasema kwa wema. Lakini ni mimi niliyemwambia Asukulu angoje, na alingoja kwa sababu aliniamini.

Saa ile ile walipoondoka na machela nilizima foni, nikaifukia chini ya unga, nikashika njia ya kusini. Nilifika kwenye kizuizi cha kwanza. Askari walikuwa wamefunga njia tangu jana yake jioni. Nililia mbele yao, jambo nisilozoea, na mmoja wao, mtu mzima, aliniambia nirudi nyumbani kabla mkubwa wao hajaamka. Nilirudi Baraka. Nilichimbua foni kwa mikono, nikaipangusa, nikaketi. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Daudi sikumsikia tena. Baada ya siku kumi hivi, askari wale walipohamia mbele, sauti mpya kutoka Kigoma iliita Ziwa, ikajitaja kuwa Musa. Alishangaa nilipojibu. Alisema wamefurahi kunisikia, kisha akaniuliza idadi ya wagonjwa. Nilimpa idadi. Sikuuliza kwa nini hawakunijibu, kwa kuwa mazungumzo aliyafungua yeye, na aliyafunga yeye.

Hivyo tukaendelea, miaka. Kambi za wakimbizi za ng'ambo zilianza kutuma ujumbe wa familia kwa foni, na kila Ijumaa Musa aliusoma mmoja mmoja, nami nikauandika na kuupeleka kwa wenyewe. Ilikuwa kazi nzuri. Nilitembea nayo mpaka Fizi, watu wakinikimbilia njiani. Kila Ijumaa nilisikiliza jina langu. Mwaka wa kwanza nilipata ujumbe mara mbili: wamefika, Sifa anasoma. Mwaka wa pili, Ijumaa moja, Musa alisoma hivi: "Ujumbe wa nne. Kwa mke wa Etabo fundi wa nyavu, Baraka. Kutoka kwa majirani kambini. Etabo amefariki kwa kuhara. Mtoto yuko nasi, ni mzima. Umepokea?"

Nilibonyeza. Nikavuta pumzi.

"Nimepokea. Endelea na wa tano."

Ulikuwepo wa tano, na wa sita, mpaka wa kumi na moja. Niliuandika wote. Mwandiko haukubadilika, nimeuangalia. Musa hakujua kwamba Ziwa ana mume, na mimi sikuwa na namna ya kumwambia huku vituo vingine vikisikiliza na kungoja zamu yao. Alipofunga, nilitoka nje nikaanua vitenge kwenye waya, vyote, vikavu na vibichi, na jirani akaniuliza kuna nini. Ndipo nikalia.

Amani ilipokuja, au kile tulichokiita amani, wakimbizi walianza kurudishwa kwa meli, wakishukia Baraka. Sasa nilikuwa na redio ndogo ya mkononi, nikisimama ufukweni kusoma idadi ya waliofika. Jina la Sifa nililiona kwenye orodha asubuhi moja na sikulitoa machoni. Alishuka akiwa msichana mrefu, mabega ya baba yake, akaja akasimama mbele yangu. Nilikuwa katikati ya kutoa idadi. Akangoja nimalize.

"Shikamoo, mama," alisema.

Alikuwa na sauti ya Daudi, na ya Musa. Kiswahili cha ng'ambo, laini, cha foni. Mtoto niliyemzaa alikuwa anaongea kama kituo. Nikavuta pumzi moja kabla ya kumjibu, kwa mazoea, na nikaona uso wake ukijifunga.

Ilituchukua muda mrefu. Aliniuliza mara nyingi, "Mbona unanyamaza kwanza kabla ya kunijibu?" Alidhani natafuta uongo, au kwamba simpendi sana. Nilimwambia ni kazi. Hilo halikumfariji, kwa kuwa kazi ndiyo iliyomchukua mama yake tangu mwanzo. Siku moja, tukimenya mihogo, alinieleza kuhusu Kazimia bila mimi kuuliza. Baba yake alikataa boti mbili. Majirani walimsihi, wakamtukana. Alikaa kwenye mchanga, uso umeelekea njia ya Baraka, akisema mama yake Sifa anakuja, amesema anakuja. Alipanda ya tatu kwa sababu walimwambia hakutakuwa na ya nne.

Baadaye kidogo shirika lilitukusanya waendeshaji wa pande zote mbili za ziwa kwa mafunzo ya wiki moja, tujifunze mashine mpya. Chakula cha mchana niliketi karibu na mwanaume mfupi mwenye miwani, mchangamfu. Alipofungua kinywa nilimjua: Musa. Tulishikana mikono muda mrefu kama ndugu, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza. Tukala, tukacheka kuhusu daktari wa saa ya Ulaya. Nami nikamuuliza, mwishowe, kuhusu ile wiki.

Alinieleza kama mtu anayesimulia jambo tunalolijua sote. Daudi alimpata daktari Jumatatu ile ile, na daktari akakubali. Boti ilitiwa mafuta. Lakini jioni walipata habari kwamba askari wameingia Baraka, na mkubwa akakataza mtu yeyote kuniita kwa sauti, nisije nikauawa. Daudi alihamishwa kituo kesho yake, yeye Musa akaachiwa maagizo. Ilikuwa desturi yao mahali penye hatari: unabonyeza kitufe mara mbili bila kusema. Mwenzako akiwa yupo na yuko salama, anabonyeza mara mbili naye. Ndipo boti itoke.

"Nilikubonyezea siku tatu, mama," alisema. "Mara mbili, nasubiri, mara mbili tena. Hukujibu hata mara moja. Tukasema umeshakimbia."

"Hakuna aliyenifundisha hivyo," nilimwambia.

Aliacha kutafuna. Alisema waraka uliandikwa, ukatumwa vituo vyote kwa boti. Alikuwa ameuona kwa macho yake. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama nilikuwepo hewani siku hizo. Nikamwambia nilikuwepo. Sikumwambia kwamba ujumbe wa nne wa Ijumaa ile ulikuwa wangu. Mtu yule hakuwa amenikosea chochote.

Nyumbani nilitoa daftari. Nilijua nitakachokikuta, na bado nilifungua polepole. Jumanne, Jumatano, Alhamisi asubuhi, safu ya kelele, kwa mwandiko wangu wa kiualimu: kidole kinagonga meza, mara mbili. Tena, mara mbili. Tena. Ukurasa mzima na nusu. Nilisikia kila mmoja, nikaandika saa yake, nikangoja niitwe. Betri ilikuwa inatosha kubonyeza mara mbili mpaka mwezi uishe.

Nilimwonyesha Sifa. Alisoma kurasa zile akifuata kwa kidole, kama nilivyomfundisha utotoni.

"Kumbe wote tulikuwa tunasubiri," alisema. Akafunga daftari, akakaa karibu nami. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena kuhusu kunyamaza kwangu. Yeye pia huvuta pumzi, kisha tunaanza pamoja.

Kwa hiyo, ninyi wa chumba cha redio, haya ndiyo machache niliyonayo. Ukiambiwa subiri, uliza mpaka saa ngapi, na saa ya wapi. Ukimwachia mtu kazi mbali nawe, mwambie utamwita vipi siku ambayo huwezi kumwita. Usitume waraka ukadhani umesema, mpigie umuulize kama umefika. Muulize pia kama amekula na kama ana mtoto, hata kama hakuna safu yake. Na ukipewa daftari andika kelele zote, lakini siku moja moja jaribu kuzijibu.

Siku yangu ya mwisho, mwezi uliopita, Neema alipokea ufunguo na madaftari akatia sahihi. Foni ya zamani bado iko pale kwenye kona, kwa siku ambazo mtandao unakatika. Ilikuwa mchana kwa saa yetu. Niliketi, nikaiwasha, nikasikiliza mafuta yakikaangwa. Kisha nikabonyeza mara mbili, bila kusema kitu, nikanyoosha mkono nizime.

Neema aliniuliza kama sisubiri wanijibu. Nilimwambia hapana, Sifa ananingoja nje.